Meneja na prodyuza wa bendi moja ya rock: mwongozo kamili toka chumba cha mazoezi mpaka usiku wa kugawana hela

Kama kuna bendi ya rock unaipenda, na wenyewe hawana meneja wala hela ya kumlipa prodyuza, kuna siku utajikuta unafanya kazi zote mbili bila mtu yeyote kukuajiri. Leo unawasaidia kubeba amplifaya, kesho unawapigia simu ya shoo, keshokutwa saa nane usiku umekaa mbele ya laptopu unasafisha saundi ya drams. Mi nimeingia hivo hivo na nimekaa humo miaka, na kitu ninachotaka ukishike toka hapa mpaka mwisho ni kimoja: hizi ni kazi mbili, zina malipo mawili na mikataba miwili, na kuna siku zitagombana ndani ya kichwa chako, ukizichanganya utawaumiza watu unaowapenda hata kama nia yako ni safi kabisa.

Inawezekana lakini, usitishike. Chas Chandler alikuwa mpiga besi wa The Animals, mwaka 1966 akamwona Jimi Hendrix anapiga New York, Septemba ya mwaka huo huo akawa ameshamfikisha London, akamtafutia wanamuziki wa kupiga naye, akawa meneja wake pamoja na Michael Jeffery na akawa prodyuza wake, albamu mbili za kwanza zote zikatoka mwaka 1967. Ya tatu ndo ikamshinda, studio ilikuwa inajaa wageni, wimbo mmoja unarudiwa weee, mwaka 1968 akaondoka. Baadae akaichukua Slade, kofia zote mbili tena, na wakashika namba 1 mara 6 kwenye chati ya Uingereza. Hiyo ya kuondoka ishike, tutaifikia.

Hatua ya 1: Ichague bendi kwenye mazoezi

Kwenye shoo kuna taa na kuna marafiki zao mbele wanapiga kelele, hutasikia ukweli pale. Omba ukae kwenye mazoezi yao mara tatu, tafuta kona, nyamaza. Angalia nani anawahi na nani kila siku anasubiriwa. Wimbo ukivunjika katikati sikiliza wanaambiana nini, maana kuna bendi zinacheka zinaanza upya na kuna bendi zinatafutana mchawi. Mpiga drams akichoka, anakimbia au anavuta? Huyo ndo msingi wa nyumba, gitaa likiharibika unalirudia siku ingine lakini drams zikiyumba kila kinachokaa juu yake kitayumba.

Alafu mchukue kila memba peke yake umuulize maswali mawili tu, anataka bendi imfikishe wapi, na yuko tayari kukaa barabarani wiki ngapi kwa mwaka. Mi niliwahi kuruka hii hatua. Nikahangaika miezi na ratiba ya ziara ya wiki sita, siku ya kuwaonyesha mpiga gitaa akaniambia taratibu kabisa kwamba kazini kwake likizo ni siku kumi na nne. Hakunidanganya, sikumuuliza.

Mkikubaliana, anzeni na miezi mitatu ya majaribio kwa karatasi ya ukurasa mmoja. Mkataba mrefu usiuguse bado.

Hatua ya 2: Tenganisha kofia

Meneja ni mtu wa bendi, kazi yake ni kuwatetea mbele ya kila mtu anayetaka kitu kwao, promota, lebo (kampuni ya rekodi), prodyuza, kila mtu. Sasa prodyuza akiwa ni wewe, nani anawatetea mbele yako? Bajeti ya studio anayeipitisha ni meneja, anayeipokea ni prodyuza, we umekaa pande zote mbili za meza. Studio ikichukua siku tano za ziada, prodyuza ndani yako anafurahi na meneja ndani yako anatakiwa akasirike.

Mfano mkubwa ni wa Bruce Springsteen. Mike Appel alikuwa meneja wake, prodyuza wake, na kampuni yake ndo ilishika pia haki za nyimbo, vyote vilisainiwa mwaka 1972 wakati kijana hana jina. Mwaka 1976 wakafikishana mahakamani, na kwa karibu mwaka mzima Springsteen akazuiwa kuingia studio pamoja na prodyuza aliyemtaka, Jon Landau. Wakamalizana mwaka 1977 na albamu ikaja kutoka 1978. Na huyo Landau nae akaja kuwa meneja na prodyuza wa msanii huyo huyo, wakadumu miaka na miaka, kwaiyo shida sio mtu mmoja kufanya kazi mbili, shida ni karatasi zimeandikwaje.

Mi huwa naweka sharti nne na siziachii. Mikataba iwe miwili tofauti, wa umeneja na wa uprodyuza, na mmoja ukivunjika mwingine usianguke nao. Bendi iwe na wakili wake, mi nina wangu, hata kama kumlipa wakili wao inabidi wachange. Kwenye bajeti ya kurekodi sichukui kamisheni, maana ile ni hela ya kazi, sio mapato. Na ya nne ndo watu wengi wanajifanya hawaioni: hela ninayolipwa kama prodyuza kwa pointi, yani asilimia ya mauzo ya rekodi, siikati tena kamisheni kama meneja. Shilingi moja usiile mara mbili.

Hatua ya 3: Mkataba wa umeneja, mstari kwa mstari

Kamisheni ya kawaida ni asilimia 15 mpaka 20. Brian Epstein, meneja wa Beatles, alichukua 25, zama zile na kwa kazi ile. Ila namba yenyewe sio mtego, mtego upo kwenye swali la asilimia hiyo ya nini. Fanya hesabu hii mbele yao, kwa kalamu. Tuseme ziara imeingiza 10,000, na gari, mafuta, malazi, fundi mitambo na chakula vimekula 7,000. Ukichukua asilimia 20 ya hela yote iliyoingia unaondoka na 2,000, bendi ya watu wanne inabaki na 1,000, kila mtu 250. We mtu mmoja umepata mara nane ya aliyepiga drams saa mbili kila usiku. Ukichukua asilimia 20 ya kilichobaki baada ya gharama unapata 600, bendi inabaki na 2,400, kila mmoja 600. Mnalingana. Kwa bendi changa mi nafanya hivi kwenye shoo zote, kwenye mapato ya rekodi na nyimbo ndo naweza kukata kwenye jumla maana kule gharama za barabarani hazipo.

Muda usizidi miaka mitatu mwanzoni, na weka njia ya kutokea: kama kwa mwaka mmoja bendi haijafikia kiwango fulani cha mapato mlichokubaliana, wana haki ya kuondoka. Weka pia kitakachotokea baada ya kuachana. Kazi uliyoifanya itaendelea kuingiza hela ukiwa haupo na ni haki yako kuonja, ila ipungue, mfano nusu ya kamisheni kwa miaka miwili, robo kwa mwaka unaofuata, alafu basi. Na iwe kwa rekodi zilizotengenezwa ukiwepo tu.

Uwezo wa kusaini kwa niaba yao uwe wa shoo za siku moja moja. Mkataba wa lebo au wa haki za nyimbo wasaini wenyewe kwa mkono wao. Wape na haki ya kukagua vitabu vyako, usingoje waombe.

Kwenye mkataba wa uprodyuza, malipo kawaida ni ada ya kazi pamoja na pointi, pointi moja ni asilimia moja, na 3 au 4 ndo kawaida, na jua kwamba zinatoka kwenye fungu la bendi. Kuna waliokataa pointi kabisa. Steve Albini, fundi wa kurekodi, alipoenda kuirekodi Nirvana mwaka 1993 alitaka ada tu, alipwe kama fundi bomba anavyolipwa, kwa sababu aliona mirabaha ya bendi ni ya bendi. Kama ushakuwa meneja wao na kamisheni unapata, fikiria sana huo msimamo.

Hatua ya 4: Mgawanyo wa nyimbo uandikwe kabla ya kuingia studio

Kuna haki mbili kwenye kila wimbo na memba wengi hawazitofautishi: haki ya wimbo wenyewe, yani maneno na melodi, na haki ya ile rekodi mliyoitengeneza. Zinaingiza hela kwa njia tofauti na wenyewe wanaweza kuwa watu tofauti. Chukua karatasi, jina la wimbo juu, chini majina na asilimia, jumla ifike 100, wote wasaini, tarehe. Fanya siku ambayo wimbo umekamilika mazoezini, watu bado wanacheka.

R.E.M. walikuwa wanaandika majina yote manne kwenye nyimbo zao bila kuuliza nani kaleta nini. Queen walikaa miaka wanagombania wimbo wa nani uingie, mpaka albamu ya 1989 ndo wakaanza kuandika jina la bendi kwenye nyimbo zote. Mi sikulazimishii njia ya usawa, ila nimeona bendi ikikatika vipande viwili kwa ajili ya noti nne za besi. Mpiga besi alizitunga akiwa anajaribu waya tu, mwimbaji akajengea wimbo mzima juu yake, wimbo ukapendwa, na kwenye karatasi jina la mpiga besi halipo kwa sababu karatasi haikuwepo, iliandikwa baadae na aliyewahi. Kikao cha kumaliza ile ishu nilikiendesha mimi na hakikuisha vizuri.

Hapo hapo andikeni jina la bendi ni mali ya nani na mtu akitoka anatoka na nini.

Hatua ya 5: Kazi ya prodyuza inaanza kabla ya studio

Hapa ndo hela inaokolewa na ndo nyimbo zinapopona, usipaharakishe. Weka simu katikati ya chumba cha mazoezi, irekodi kila wimbo toka mwanzo mpaka mwisho, nenda nayo nyumbani. Saundi itakuwa mbovu na ni vizuri iwe mbovu, wimbo ukishika hata kwenye simu ni wimbo. Sikiliza ukiwa na karatasi uandike sekunde ambayo umeacha kusikiliza. Kama kwenye wimbo wa dakika nne kila siku unaanza kufikiria mambo mengine kwenye dakika ya pili na nusu, pale kuna shida, kata.

Jaribu spidi. Singo ya pili ya Beatles ililetwa kwa prodyuza wao George Martin ikiwa inaburuza, akawaambia waikimbize, wakairekodi upya Novemba 1962, na ndo ikawafungulia mlango. Kila wimbo upige kwa spidi tatu, ya kwao, pungufu kidogo, zaidi kidogo, alafu andika namba ya kliki (mapigo kwa dakika) iliyoshinda. Na ufunguo wa wimbo pia (key), mwimbaji anayekaba shingo kwenye kiitikio mshushie nusu toni uone uso wake unavyolegea.

Alafu magitaa. Bendi ya magitaa mawili mara nyingi wote wanapiga kitu kile kile mahali pale pale, alafu wanalalamika saundi haina nafasi. Mmoja apande juu ya shingo ya gitaa, au akae kimya mpaka kiitikio kifike. Kukaa kimya ndo mpangilio mgumu kuliko yote kumshawishi mpiga gitaa wa rock, na ukifanikiwa kiitikio kitalipuka bila kuongeza chombo chochote. Besi na kiki (dram kubwa ya mguu) waweke wawili peke yao chumbani, wapige nyimbo zote bila mtu mwingine, ukisikia wanakanyagana warekebishe hapo hapo.

Nyimbo kumi na nne zikiingia mazoezini, studio iingie nane. Hizo sita zilizobaki wanazipenda, wataumia, na we kama meneja hutaki kuwaudhi wakati we kama prodyuza unajua. Siku hiyo vaa kofia ya prodyuza na uwaambie wazi kwamba ndo umeivaa.

Hatua ya 6: Studio

Drams zivalishwe ngozi mpya siku moja kabla, zivutwe, zipigwe zitulie, zivutwe tena asubuhi. Gitaa nyuzi mpya. Fundi wa studio atumiwe mapema orodha ya nyimbo, namba za kliki na vyombo.

Kila dram yenye maiki mbili au zaidi sikiliza maiki moja, alafu ongeza ya pili, saundi ikikonda badala ya kunenepa mawimbi yanapingana, geuza moja kwa kitufe au sogeza maiki kidogo. Hiki kitu kidogo ndo kinafanya snea (dram ndogo kali ya katikati) nyingi za bendi changa zisikike kama karatasi. Rekodi kwa biti 24, na kilele cha saundi kisizidi desibeli -6, acha nafasi, hakuna zawadi kwa kujaza. Besi iingie moja kwa moja kwenye mashine na kwa wakati huo huo iwe na maiki kwenye amplifaya, utachagua mbele ya safari. Gitaa zito lipigwe mara mbili kweli kweli, moja kushoto moja kulia, usikopi faili, tofauti ndogo za mkono ndo zinalipa upana.

Bendi ipige pamoja hata kama utabakiza drams tu. Wakitazamana wanapiga vingine.

Sauti ya mwimbaji ipange kama mtu anayetunza mafuta ya safari. Tarehe 11 Februari 1963 Beatles walirekodi nyimbo 10 siku moja, John Lennon ana mafua, na ule wimbo wa kupasua koo ukawekwa mwisho kabisa kwa sababu baada yake sauti isingekuwepo. Fanya vivo hivo, laini asubuhi, za kelele jioni. Na mjue mtu wako: Kurt Cobain wa Nirvana alikuwa hataki kuimba juu ya sauti yake mwenyewe, prodyuza wake Butch Vig akamwambia John Lennon alifanya hivo, akakubali. Hakumdanganya wala kumlazimisha, alijua anamheshimu nani.

Kila usiku kabla hujalala nakala tatu, diski mbili na moja mtandaoni. Tatu, hata ukiwa umechoka.

Hatua ya 7: Miksi na masta

Hapa nitakuwa mfupi. Kama umeishi na nyimbo toka mazoezini, masikio yako hayasikii tena, mpe mtu mwingine afanye miksi (kusawazisha vyombo na sauti), na masta (umaliziaji wa mwisho) afanye wa tatu. Usikubali masta iliyobanwa mpaka haipumui eti ili isikike kubwa, Spotify inasawazisha nyimbo kwenye -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti inavyosikika) na ile iliyobanwa itashushwa tu ikabaki imebanwa. Dai na faili za bila sauti ya kuimba, zitakuja kuombwa na watu wa filamu na matangazo. Kila rekodi ipate namba yake ya ISRC, yani kitambulisho chake cha kimataifa, ina herufi na tarakimu 12, na majina yote yaandikwe vile vile yalivyo kwenye ile karatasi ya hatua ya 4.

Na kama mnaweza kujilipia rekodi kabla ya kutafuta lebo, jilipieni. Mpiga gitaa Jimmy Page na meneja Peter Grant waliilipia wenyewe albamu ya kwanza ya Led Zeppelin mwaka 1968, ikarekodiwa kwa masaa kama 36, wakaenda kwa lebo ya Atlantic na kanda mkononi, na wakapata uhuru ambao bendi mpya zilikuwa hazipewi.

Hatua ya 8: Shoo

Promota apate vitu vitatu wiki mbili kabla: mchoro wa jukwaa, orodha ya chaneli (kila maiki na chombo kinachoingia kwenye mitambo) na mkataba wenye saa. Saa ya kupakua, saa ya kupima saundi, saa ya kupanda, saa ya kulipwa. Nusu ya malipo iingie kabla gari halijaondoka. Kama hela itatoka kwenye tiketi, mjue mapema gharama zipi zinatolewa kwanza, kwa sababu "gharama" ni neno linalonenepa usiku. Peter Grant alifika mahali pa kuwaambia mapromota asilimia 90 ni ya bendi na 10 yao. We hujafika huko, ila unaweza kudai kuona risiti.

Na hiyo ndo picha ya kazi yenyewe: saa saba usiku, chumba kidogo nyuma ya jukwaa, bendi iko nje inasifiwa, we umekaa na promota na kikokotoo. Unahesabu vishina vya tiketi, unauliza hii ya matangazo risiti yake iko wapi, unauliza kwa upole na unanyamaza mpaka ijibiwe. Usinywe kabla ya hapo. Ukisaini ile karatasi ya mwisho imeisha, hakuna kurudi kesho.

Mkivuka mipaka na vyombo, andaa karneti ya ATA mapema kama nchi mnayokwenda inaitambua, ni kama pasipoti ya mizigo, na orodha iwe na namba ya kila gitaa.

Hatua ya 9: Hesabu

Akaunti ya bendi iwe ya bendi, yako iwe yako, hela isilale kwako hata usiku mmoja. Kila mwezi tuma ukurasa mmoja: iliyoingia, iliyotoka, kamisheni yangu, ada yangu ya studio kwenye mstari wake peke yake, iliyobaki. Tuma hata mwezi ambao ni sifuri. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye muziki hupotea pamoja na urafiki.

Soma mikataba midogo kama mikubwa. Watu wa Epstein waliwapa wengine haki za kutengeneza bidhaa za Beatles kwa mgao wa asilimia 90 kwa hao wengine na 10 upande wa bendi, kwa sababu fulana na mawigi yalionekana ni vitu vidogo.

Kuhusu riziki yako mwenyewe, miaka ya mwanzo bendi moja haitakulisha. Rekodi bendi zingine kwa ada, fanya fundi mitambo kwenye shoo za watu, baki na kazi yako ya mchana kama unayo. Meneja mwenye njaa anakubali shoo mbaya.

Hatua ya 10: Kuondoka

Mara nyingi kofia ya kwanza kuvuliwa ni ya uprodyuza. Ukisikia nyimbo zao mpya na huna la kuwaambia, au wanaingia studio wakiwa wameshakisia utasema nini, watafutie prodyuza mwingine na uwe meneja wao mzuri kwenye kumtafuta, ujadili bei yake kwa ukali ule ule ambao ungeogopa kujadili ya kwako. Paul McGuinness aliisimamia U2 toka 1978 mpaka 2013 na studio aliwaachia wengine.

Siku ya kuvua zote mbili, kabidhi kwa mikono. Diski mbili zenye rekodi zote, na zile chaneli moja moja pia. Mikataba yote ndani ya faili moja. Karatasi za mgawanyo wa nyimbo. Orodha ya ISRC. Nywila za kila akaunti, zibadilishwe mbele yako. Namba za simu za mapromota, na pembeni ya kila jina mstari mmoja kwamba huyu analipa siku hiyo hiyo, huyu mpaka akumbushwe. Ripoti ya mwezi wa mwisho. Ufunguo wa chumba cha mazoezi.